Msafiri Maskini

Wahenga walisema kwamba msafiri ni maskini, ajapokuwa sultani. Hawakukusudia kwamba msafiri hana fedha. Sultani ana fedha, ana askari, na ana watumishi wa kumbebea mizigo. Hata hivyo wahenga walimtia katika hesabu moja na mwombaji mara tu avukapo mpaka wa nchi yake. Basi umaskini walioutaja ni wa namna nyingine. Ni umaskini gani huo? Na je, ni aibu ya kukimbiwa, au ni fundisho la kutafutwa? Swali hili ni la kale, lakini katika zama hizi limepata uzito mpya, kwa kuwa watu wamezidi kusafiri peke yao kwa hiari. Hawaendi kwa biashara, wala kwa ibada, wala kwa msiba. Huenda kutazama nchi, na aghalabu hutumaini kwamba mbali na watu watazitazama nafsi zao pia.

Wasafiri wa namna hii wako kila upande wa dunia. Yuko aendaye Uholanzi katika mwezi wa Desemba, akatembea peke yake katika miji ya Leiden, Delft na Utrecht, kando ya mifereji ya maji, wakati jua linapokuchwa kiasi cha saa kumi na nusu za alasiri. Wenyeji wengi wa huko wana desturi ya kuacha mapazia wazi hata usiku. Mpita njia huona taa, meza, na jamaa wakila chakula cha jioni. Huona yote, wala hapana amfukuzaye. Lakini pia hapana amwitaye. Kioo kimoja chembamba humtenga na moto, na kioo hicho ni kigumu kuliko ukuta wa mawe. Huko msafiri anaweza kukaa juma zima pasipo kuulizwa jina lake. Mwanzoni huiona hali hiyo kuwa ni raha kubwa. Siku ya nne au ya tano raha ile humgeukia, naye hujikuta akimshukuru muuza mkate kwa maneno mengi kuliko mkate ulivyostahili.

Yuko na mwingine ambaye hakwenda mbali hivyo, bali alipanda Usambara katika kipupwe. Kwamkoro iko katika Usambara ya Mashariki, wilaya ya Muheza, jirani na Amani, katika vilima vyenye kimo cha kiasi cha mita 900 juu ya bahari. Baridi ya Kwamkoro si baridi ya Uholanzi. Haigandishi maji wala haiui majani. Ni baridi ya ukungu, iingiayo katika godoro na katika mkate, ikafanya nguo iliyofuliwa Jumatatu iwe mbichi siku ya Alhamisi. Mashamba ya chai hapo yamepakana na msitu mkubwa, na sehemu kubwa ya msitu huo sasa imo katika hifadhi ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Wadachi waliweka Amani chuo cha uchunguzi wa kilimo mwaka 1902, na mche wa chai ulikuwa miongoni mwa mimea migeni iliyojaribiwa huko. Chai, kwa hiyo, ni mgeni aliyekaribishwa akakaa. Kwa upande mwingine, ua dogo la rangi ya zambarau ambalo watu wa Ulaya hulipanda katika vyungu na kuliweka madirishani wakati wa baridi, asili yake ni misitu ya Usambara. Mdachi mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao katika miaka ya mwanzo ya 1890. Huenda basi msafiri atokaye Tanga akasimama njiani katika mji wa Leiden, na ua la kwao likawa ndani ya kioo, kwenye joto, naye nje.

Na uchukuliwe mfano wa mtu mmoja, karani wa makamo wa Dar es Salaam, aliyepata likizo ya siku saba katika mwezi wa Julai akaamua kuitumia Kwamkoro, pasipo rafiki wala jamaa. Aliwaambia wenzake kwamba amechoka kuulizwa. Ofisini huulizwa, nyumbani huulizwa, na akiwa njiani huulizwa katika simu. Alitaka kwenda mahali asipojulikana, akae kama jiwe la mtoni ambalo maji hulipita pasipo kulisemesha.

Siku ya kwanza furaha yake ilikuwa kamili. Basi lilitoka Muheza likaacha nyuma michungwa na minazi, likaanza kupanda, na kila kona hewa ilipungua ukali wa joto. Alikaa dirishani akajiona kama mtu aliyevua gunia. Lakini usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, na katika mwinuko mmoja wa udongo mwekundu basi lilikwama. Abiria walishuka kulisukuma. Karani alisimama pembeni na mfuko wake, akijiambia kwamba ameilipa nauli yake yote. Mzee mmoja akamwambia pasipo hasira, "Ndugu yangu, mikono yako umeiacha Muheza?" Watu walicheka, naye, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alicheka pia, akauweka mfuko wake chini akasukuma. Alifika na matope mpaka magotini, na habari zake zimekwisha kumtangulia. Alipokwenda dukani kununua mshumaa, mwenye duka alimpa pole ya basi.

Siku ya pili ilikuwa ya majonzi. Ukungu ulifunika kila kitu tangu alfajiri. Alisikia juu ya kichwa chake mlio mzito wa mbawa za hondohondo, akamwona ndege mmoja mkubwa akipita kati ya miti kama kivuli, na neno lililomjia kinywani lilikuwa "Tazama!" Hapakuwa na wa kumwambia. Hapo alitambua jambo ambalo hakulitarajia: furaha isiyo na wa kuonyeshwa huwa nusu ya furaha, ilhali huzuni isiyo na wa kuambiwa huwa huzuni mbili. Jioni alihesabu siku zilizobaki, akaona ni nyingi.

Siku ya tatu alipotea. Vijia vya shamba la chai hufanana, na katika ukungu hufanana zaidi. Alizunguka mpaka saa nane za mchana, ameloa na njaa inamuuma, kisha akaona moshi ukipenya katika paa la nyumba moja. Alisimama mlangoni akapiga hodi.

"Karibu," sauti ya bibi kizee iliitika. "Ingia, usisimame kwenye baridi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Na wenzako wako wapi?"

"Nimekuja peke yangu."

Bibi alimtazama kwa huruma. "Umefiwa?"

"La, bibi. Nimekuja kutembea tu."

Bibi hakusema neno. Aliongeza kuni motoni, akampakulia makande, akamwacha ale. Ukungu ulipopungua alimwita mjukuu wake ampeleke mgeni mpaka barabarani. Karani alitoa noti mfukoni akaikunjua. Bibi akaisukuma kwa mgongo wa mkono wake. "Ziweke, mwanangu. Hapa si hoteli."

Katika maneno hayo machache ndimo swali la methali lilimo. Kwa nini karani aliona uchungu fedha zake zilipokataliwa? Kama angekuwa amekwepa kulipa, angefurahi kuzibakisha. Lakini alijua kwamba fedha zingemtoa katika deni. Mwenye kulipa huondoka akiwa sawa na alivyoingia. Hapana amdaiye, naye hamdai mtu. Mwenye kupewa huondoka na kamba mguuni. Karani alikuja Kwamkoro kuzikata kamba zote, na sasa bibi mmoja asiyejua jina lake amemfunga nyingine kwa bakuli la makande. Huu ndio umaskini uliokusudiwa na wahenga: si kukosa cha kulipia, bali kuhitaji kitu kisicholipiwa. Njia, moto, na neno la kweli juu ya upande wa kufuata haviuzwi. Sultani naye akipotea katika ukungu hana budi kupiga hodi, na hodi ni ombi; aisemaye amekiri kwamba mlango ni wa mwingine.

Yuko atakayesema kwamba, kama ndivyo, kusafiri peke yako ni upuuzi. Afadhali mtu aende na jamaa zake asimsumbue mtu. Hoja hii ina nguvu, lakini haikutimia. Watu wawili wasafirio pamoja huichukua nyumba yao mabegani. Hucheka mizaha yao ya zamani, hula pamoja, hulalamika pamoja, na mara nyingi hupita nchi nzima pasipo kuingia ndani yake. Karani angekuwa na rafiki siku ile wangebishana juu ya njia mpaka usiku, na mlango wa bibi usingalibishwa. Upweke humwondolea mtu ngao, na aliyekosa ngao huonekana na watu. Kwa hiyo upweke wa safari una faida yake, lakini faida hiyo ni kinyume cha ile aliyoitafuta karani. Alidhani kwamba peke yake hatamhitaji mtu. Kumbe peke yake ndipo alipomhitaji kila mtu.

Yuko na mwingine atakayejivuna kwamba yeye kweli alikwenda peke yake, hakusaidiwa. Huyu na asome tena habari za wasafiri wakuu. Johann Ludwig Krapf, mhubiri Mjerumani, alifika Vugha kwa mfalme Kimweri ya Nyumbai mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Jina lake limeandikwa katika vitabu kama jina la mtu mmoja. Lakini hakupanda milima ile peke yake. Alikuwa na kiongozi wa kumwonyesha njia na wapagazi wa kumchukulia mizigo, na alikula chakula cha wenyeji. Hata safari ya leo ya mtu mmoja imechukuliwa na wengi: dereva, mpishi, mtengeneza barabara, na wale waliosukuma basi. "Peke yangu" mara nyingi ni namna ya kusahau majina ya wengine.

Usambara yenyewe ina hadithi ya msafiri, na ndiyo hadithi ya mwanzo wa dola yake. Mbegha alikuwa mwindaji wa Nguu aliyetengwa na jamaa zake, wakamnyima urithi kwa kumdhania kuwa ni mtu wa mikosi. Masimulizi humweleza akiwa nyikani na mbwa wake, akiishi kwa mkuki. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliyaandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Mbegha alipofika kwa Washambaa hakuwa na shamba wala ukoo. Alikuwa na nyama, nao walikuwa na vyakula vya mashambani. Aliwapa nyama, wakampa chakula. Aliwaulia wanyama waharibifu, wakampa wake. Mwisho wakampa ufalme. Yawezekana wanahistoria wakabishana ni kipi katika hayo kilichotokea hasa na ni kipi kilichoongezwa na wasimulizi. Lakini maana ya simulizi haihitaji kubishaniwa. Aliyetupwa na ndugu zake alipona upweke kwa kupokea na kutoa pamoja. Angetoa tu asipokee, angekuwa bwana mwenye kiburi. Angepokea tu asitoe, angekuwa kupe.

Karani hakuwa na mkuki wala mbwa, lakini alikielewa kitu hicho kwa njia yake. Siku ya tano alinunua dukani kilo mbili za sukari na vipande viwili vya sabuni, akarudi kwa bibi. Safari hii bibi hakuisukuma mikono yake. Alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaweka maji ya chai motoni. Kwa nini alizikataa fedha akaikubali sukari, hali sukari nayo ilinunuliwa kwa fedha? Kwa sababu fedha zilitolewa mlangoni, wakati wa kuaga, ili jambo liishe. Sukari ililetwa siku nyingine, na aliyeileta alikaa kitako. Malipo hufunga hesabu. Zawadi huiacha wazi.

Siku hiyo bibi alimweleza karani neno lililobadili safari yake. "Marehemu mume wangu naye alikuja peke yake," alisema. "Alitoka Ubena, kijana, akaletwa kufanya kazi ya chai. Aliniambia atamaliza vipande sita kisha arudi kwao. Alimaliza vipande, hakurudi. Mwaka huu hana nauli, mwaka huu mtoto ni mgonjwa. Amezikwa hapo chini. Mama yake alikufa hakumwona."

Mashamba ya mkonge na ya chai ya mkoa wa Tanga yalijazwa zamani za ukoloni na watu kama huyo, waliotoka mbali na kuitwa manamba, kwa kuwa waliandikwa kwa namba kabla ya kuulizwa majina. Kipande kilikuwa ni kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Mtu aliyeishi kwa kipande alihesabu siku kama karani alivyozihesabu siku ya pili katika ukungu. Tofauti ni kwamba hesabu ya karani ilikuwa na mwisho aliouchagua mwenyewe.

Hapa methali ya wahenga yafaa kupimwa kwa mizani nyingine. Wako maskini wawili wa safari: mwenye njia ya kurudi na asiye nayo. Katika historia ya pwani yuko mtu aliyeithibitisha methali hiyo neno kwa neno, kwa kuwa alikuwa binti wa sultani. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri. Mwaka uliofuata aliolewa huko Aden na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, akaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki baada ya ajali ya garimoshi la njiani lililokokotwa na farasi. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26, ana watoto watatu wadogo, katika nchi ambayo baridi yake, lugha yake na sheria zake vyote vilikuwa vigeni kwake. Alihama mji hata mji katika Ujerumani. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 1886. Alikwenda Unguja mwaka 1885 na tena mwaka 1888, lakini hakupokewa na jamaa zake wala hakupewa urithi alioudai. Alikufa Jena mwaka 1924. Mbele ya mtu kama huyu, mtu aliyenunua tikiti ya kwenda na kurudi ataeleza nini juu ya upweke wake katika mitaa yenye barafu?

Asidhaniwe kwamba majonzi ya msafiri wa hiari ni ya uongo. Baridi ni baridi, na mwenye kutetemeka hatetemeki kwa mzaha. Lakini ni majonzi ya kuazimwa. Amevaa kwa siku saba nguo ambayo mwingine aliivaa maisha yake yote, kisha atairudisha. Hakuna ubaya katika kuazima, maadamu mwazimaji hajidai kuwa ndiye mwenye nguo. Ubaya ni kurudi nyumbani na kusimulia ukungu, hondohondo na matope kama ushujaa, na kumtaja bibi wa makande kama sehemu ya mandhari, baina ya mti na mlima. Afanyaye hivyo amesafiri mbali na hakufika.

Basi jibu la swali la mwanzo laweza kutolewa, japo kwa hadhari. Umaskini wa msafiri si aibu, nao ni fundisho. Lakini ni fundisho kwa yule tu ambaye atarudi mahali alipo na mlango wake mwenyewe. Kwa asiyeweza kurudi si fundisho, ni msiba, na hapana haki ya kumsifia msiba wake kwa kuuita busara. Tena fundisho hilo halikamiliki njiani. Njiani mtu hujifunza kusema hodi. Kama amejifunza kweli itajulikana nyumbani, siku atakayotakiwa kusema karibu.

Karani alishuka Muheza siku ya saba na nguo mbichi mfukoni. Katika nyumba aliyopanga Dar es Salaam, chumba cha mwisho uani kilikuwa na kijana mmoja aliyekuja mjini kutafuta kazi, yapata miezi minne. Karani alikuwa akimpita kila asubuhi kwa salamu fupi, akiamini kwamba kumwacha mtu asiulizwe ni kumheshimu. Jioni ile alisimama mbele ya chumba kile akasita, kwa kuwa kuuliza ndiko kulikomchosha hata akakimbilia milimani. Kisha alipiga hodi. Kijana alifungua, akashtuka kidogo, akadhani amekosa jambo.

"Ndugu yangu," karani alisema, "tumekaa nyumba moja sikuwahi kukuuliza. Watoka wapi?"